Kwa Nini Tairi Huisha Upande Mmoja: Kutenganisha Alaimenti, Balansi na Upepo

Lalamiko hili husikika kila mara madereva wanapozungumzia gharama za gari: mtu amenunua matairi mapya, ameyatumia miezi michache, kisha anaonyeshwa kwamba upande wa ndani wa tairi la mbele umekwisha hadi waya zinachungulia, ilhali upande wa nje bado una mifereji yenye kina cha kuridhisha. Mmoja humwambia kwamba tairi ni bandia, mwingine humwambia apige alaimenti, wa tatu husema tatizo ni balansi, na wa nne humshauri apeleke matairi ya mbele nyuma ili yalike sawasawa. Kila ushauri una kiasi fulani cha ukweli, lakini ukifuatwa bila mpangilio, mwenye gari hulipia huduma mbili au tatu na gari likaendelea kula matairi vilevile.

Makala haya yanaeleza ni nini hasa kinachofanya tairi lilike bila usawa, na kwa nini alaimenti, ambayo watu wengi huikimbilia kwanza, inapaswa kuja mwisho. Namna tairi lilivyolika ni ushahidi unaosomeka kwa macho na kwa kiganja, na ushahidi huo usomwe kabla gari halijapandishwa kwenye mashine yoyote.

Maneno ya kuanzia

Kashata ni ule mpira wa juu wa tairi, wenye mifereji, unaogusa barabara. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha karibu milimita 8, na katika nchi nyingi sheria hairuhusu kuendesha gari lenye tairi ambalo kina hicho kimeshuka chini ya milimita 1.6. Ndani ya mifereji mikuu mna vinundu vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani vyenye kimo hichohicho cha milimita 1.6, kashata ikishuka hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Hata hivyo, vinundu hivyo havipo kwenye ukingo wenyewe wa tairi, kwa hiyo haviwezi kumwonya mtu ambaye ukingo wa ndani wa tairi lake umeshakuwa kipara huku sehemu ya kati ikiwa bado nzima.

Upepo ni shinikizo la hewa iliyo ndani ya tairi, ambalo hupimwa kwa PSI (paundi kwa inchi ya mraba) au kwa bari. Balansi ni usawa wa uzito kuzunguka gurudumu, yaani tairi likiwa limefungwa kwenye rimu. Alaimenti ni pembe ambazo magurudumu yamesimama kwazo, kwa kuyalinganisha na barabara, na mwili wa gari, na yenyewe kwa yenyewe. Kuzungusha matairi ni kuyabadilishia nafasi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele.

Katika hayo, balansi na alaimenti ndizo huchanganywa zaidi, pengine kwa sababu mara nyingi hufanywa mahali pamoja na siku moja. Gurudumu lisilo na balansi lina sehemu iliyo nzito kuliko nyingine, na linapozunguka kwa kasi sehemu hiyo huvuta huku na huku. Dereva huhisi usukani au kiti kikitetemeka, mara nyingi katikati ya mwendo wa kilomita 80 na 110 kwa saa, na mtetemo huo unaweza kupungua akipita mwendo huo. Tiba yake ni vipande vidogo vya uzito vinavyobanwa au kubandikwa kwenye rimu. Alaimenti iliyoharibika haitetemeshi usukani kwa yenyewe. Dalili zake ni gari kuvuta upande mmoja, usukani kukaa mshazari wakati gari linakwenda moja kwa moja, na tairi kulika bila usawa. Kwa hiyo anayelipia alaimenti ili kuondoa mtetemo, na anayelipia balansi kwa sababu tairi limeisha upande wa ndani, wote wawili wamenunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Upepo kwanza

Gari lenye uzito wa kilo 1,500 hubeba wastani wa kilo 375 kwa kila tairi. Tukigawa uzito huo kwa shinikizo la PSI 32, tunapata kwamba eneo la mpira linalogusa barabara kwa wakati mmoja ni takriban sentimita za mraba 170 kwa kila tairi. Usalama wote wa breki, wa kona na wa barabara yenye maji hutegemea maeneo hayo manne madogo, na maisha ya tairi hutegemea kama uzito umesambaa sawasawa ndani ya eneo hilo.

Upepo unapopungua, katikati ya tairi hunyong'onyea na mabega yake mawili ndiyo yanayobeba mzigo, hivyo tairi huisha kingo zote mbili kwa pamoja huku kati pakibaki. Upepo unapozidi, kati hutuna na huisha kabla ya kingo, ingawa kwenye matairi ya kisasa, ambayo yana mikanda ya waya chini ya kashata, alama hii haijitokezi waziwazi kama ile ya upepo mdogo. Jambo la kukumbuka ni kwamba makosa ya upepo huacha alama inayolingana kulia na kushoto kwenye tairi lenyewe. Ukiona ukingo mmoja tu umekwisha, upepo peke yake hautoshi kuwa maelezo.

Hapa pana dhana potofu inayowagharimu watu wengi. Namba ya PSI iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo, na wala hailijui gari litakalofungwa. Kiwango sahihi hutolewa na mtengenezaji wa gari, na huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, au kwenye kitabu cha gari. Kiwango hicho ni cha tairi lililopoa. Tairi lililotoka safarini huongeza PSI kadhaa kwa sababu ya joto, na anayepunguza upepo huo akidhani umezidi atajikuta asubuhi ana matairi yaliyolegea.

Pembe tatu

Soli ya kiatu humweleza fundi viatu jinsi mwenye kiatu anavyotembea: anayekanyagia upande wa ndani wa wayo humaliza upande huo, na anayetembea vidole vikiwa vimeelekea nje hukwangua soli kiubavu kila anapopiga hatua. Tairi nalo hueleza namna gurudumu lilivyosimama na lilivyoelekea, na pembe zinazohusika ni tatu: tou, kemba na kasta.

Tou ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya ekseli moja yakitazamwa kutoka juu. Ikiwa sehemu za mbele za magurudumu zimesogeleana kuliko za nyuma, hiyo ni tou ya ndani. Zikiwa zimeachana, ni tou ya nje. Hii ndiyo pembe inayokula matairi kwa haraka kuliko nyingine zote, na inafaa tukae nayo kidogo.

Gurudumu lenye tou iliyokosewa linaelekea upande mmoja huku gari likilipeleka upande mwingine. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 650, na tuseme jumla ya tou imepotoka kwa milimita 3 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Kila gurudumu limebeba nusu ya kosa hilo, yaani milimita 1.5 katika 650. Kwa hesabu ya jiometri, kila kilomita moja ambayo gari linakwenda mbele, kila tairi linalazimishwa kwenda kiubavu zaidi ya mita 2, na katika kilomita 10,000 huo ni mwendo wa kiubavu wa zaidi ya kilomita 20. Mpira haupati hasara yote hiyo kwa kukwanguka moja kwa moja, kwa sababu kashata hunyumbuka kwanza na kisha huteleza kurudi mahali pake inapokaribia kuachana na barabara; lakini mtelezo huo hujirudia kila tairi linapozunguka, na ndio unaosaga mpira.

Alama ya tou iliyokosewa hutambulika kwa kiganja kabla haijaonekana kwa macho. Gari likiwa limesimama na kuzimwa, pitisha kiganja juu ya kashata kwa upole, kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kama kiganja kikienda upande mmoja kinahisi ulaini na kikirudi kinahisi ncha kali kama za msumeno, tou imekosewa. Mkono ukiteleza laini unapoelekea ndani ya gari, kuna tou ya ndani iliyozidi, na ukingo wa nje ndio utakaotangulia kwisha. Ukiteleza laini unapoelekea nje, kuna tou ya nje, na ukingo wa ndani ndio utakaotangulia. Jihadhari tu na waya: tairi lililolika hadi kamba zake za chuma lisipapaswe kwa kiganja kitupu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi watengenezaji hawaweki tou kuwa sifuri kwenye kila gari. Sababu ni kwamba gari likitembea nguvu hubadilika, na bushi za mpira zinazoshika mikono ya chini, yaani vyuma vinavyoliunganisha gurudumu na mwili wa gari, hunyumbuka. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukinzani wa barabara huyasukuma magurudumu ya mbele yaachane kidogo, ndiyo maana huwekewa tou ndogo ya ndani ili likitembea yawe karibu na kunyooka. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, nguvu ya injini huelekea kuyasogeza kinyume chake, na vipimo vyake hukaribia sifuri au huenda upande wa pili kidogo. Kwa hiyo kipimo cha gari moja hakifai kuhamishiwa gari jingine, hata kama yanafanana kwa umbo.

Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Juu ya gurudumu pakilalia ndani, kemba ni hasi. Pakilalia nje, ni chanya. Kemba hasi kidogo huwekwa kwa makusudi, kwa kuwa gari likiingia kona mwili wake huinamia nje, na gurudumu lililokuwa limelalia ndani kidogo husimama wima wakati ambapo mshiko unahitajika zaidi. Ikizidi, ukingo wa ndani hubeba mzigo mkubwa na huisha kwa ulaini, bila zile ncha za msumeno. Tofauti hiyo ya ulaini na ncha ndiyo inayomwezesha fundi makini kujua, kabla ya mashine, kama anatafuta kosa la kemba au la tou. Mara nyingi hukuta vyote viwili, kwa sababu kemba inapobadilika huivuta tou pamoja nayo. Springi zilizolegea kwa uzee, kwa mfano, hulishusha gari, huongeza kemba hasi na huharibu tou kwa wakati mmoja.

Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni. Ndiyo inayofanya usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona na gari litulie kwenye mwendo wa kasi. Kwa tairi haina madhara makubwa ya moja kwa moja, lakini kasta ya kulia ikitofautiana na ya kushoto, gari huvuta kuelekea upande wenye kasta chanya ndogo zaidi.

Gari linakwenda moja kwa moja, basi alaimenti ni nzima?

Hapana, na pengine hii ndiyo imani inayoharibu matairi mengi kuliko zote. Magurudumu mawili ya mbele yameunganishwa kwa tairodi, yaani fimbo zinazoyageuza magurudumu, kupitia mfumo wa usukani, na gari likiwa barabarani hugawana kosa la tou nusu kwa nusu, kwa kuwa kila moja husukuma kuelekea upande wake hadi nguvu zilingane. Matokeo yake ni kwamba gari linaweza kwenda limenyooka kabisa, bila kuvuta popote, huku matairi yote mawili yakisagwa kwa kiwango kilekile.

Kutokana na jambo hilohilo tunapata kidokezo kingine. Ikiwa tairodi ya upande mmoja ndiyo iliyopinda au iliyorekebishwa vibaya, tairi la upande huo haliliki peke yake. Usukani hukaa mshazari na matairi yote mawili ya mbele huugua. Kwa hiyo tairi moja tu la mbele likiisha upande mmoja, na mwenzake akabaki mzima, tou iwe ya mwisho kushukiwa. Tafuta kwanza kemba ya gurudumu hilo, boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda na kushuka) iliyolegea, bushi iliyochanika, mkono wa chini uliopinda baada ya kugonga shimo, au beringi (kifaa ambacho gurudumu huzungukia) yenye mchezo, yaani iliyolegea.

Nyuma mambo ni tofauti, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayana usukani wa kuyasawazisha. Moja likielekea vibaya, hubaki hivyo hivyo na huliwa peke yake. Zaidi ya hayo, huisukuma nyuma ya gari upande mmoja, na dereva hulazimika kushika usukani ukiwa umegeuka kidogo ili gari linyooke. Ndiyo sababu kupima magurudumu ya mbele pekee kwenye gari lenye sasipenshoni huru ya nyuma, ambamo kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, ni kazi nusu: usukani unaweza kuwekwa sawa mara tatu na ukarudi mshazari mara tatu, kwa kuwa kosa liko nyuma. Kwenye gari lenye ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja, pembe za nyuma mara nyingi hazirekebishiki, lakini bado inafaa kuzipima, maana ekseli iliyopinda au kusogea itaonekana hapo.

Gari kuvuta upande mmoja nalo si uthibitisho wa alaimenti mbovu. Upepo usiolingana hutosha kulivuta, na breki inayokaba upande mmoja vilevile. Barabara nyingi zimejengwa zikiinamia kando ili maji yatiririke, na gari zima kabisa linaweza kufuata mwinamo huo polepole. Lipo pia tairi ambalo kwa namna lilivyotengenezwa au lilivyolika huvuta upande mmoja. Kipimo chake ni rahisi: badilisha matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, ikiwa si ya aina yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihama upande au ukapotea, kosa ni la tairi. Ukibaki palepale, endelea kutafuta kwenye gari.

Mawimbi, mabaka na mngurumo

Kuna ulikaji mwingine ambao haufuati ukingo wowote, bali hujitokeza kama mabaka yaliyobonyea kuzunguka tairi. Hapo mshukiwa mkuu ni shokapu. Kazi ya shokapu ni kuzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya tuta au shimo, ili tairi libaki limekandamizwa barabarani. Shokapu ikifa, gurudumu hudunda, na kila linapotua husaga kipande cha mpira. Balansi mbovu iliyoachwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya namna hiyo, na boljointi au beringi zenye mchezo pia. Kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, matairi ya nyuma ambayo hubeba mzigo mdogo huweza kupata mabaka ya mshazari kwa sababu ya tou ya nyuma iliyokosewa.

Matairi yenye mabaka au ncha za msumeno hunguruma, na mngurumo huo unafanana mno na wa beringi iliyokufa, kiasi kwamba beringi nzima hubadilishwa na kelele ikabaki. Namna ya kutofautisha ni kusikiliza kwa makini mambo mawili. Kelele ya tairi hubadilika pale aina ya lami au uso wa barabara unapobadilika, ilhali ya beringi hubaki ilivyo. Kelele ya beringi nayo mara nyingi hupanda au kushuka gari linapoegemea upande mmoja kwenye kona ndefu, kwa sababu mzigo wake umebadilika.

Alama ya baka moja bapa, mahali pamoja tu kwenye tairi, kwa kawaida inatokana na gurudumu lililofungwa na breki likaburuzwa, na haina uhusiano na pembe zozote.

Kwa nini alaimenti ni hatua ya mwisho

Mashine ya alaimenti hupima gurudumu lilivyosimama wakati huo, gari likiwa limetulia. Kama boljointi ina mchezo wa milimita mbili, gurudumu litakuwa na kipimo kimoja juu ya mashine, kingine likifunga breki, na kingine likipita shimoni. Fundi anaweza kuweka namba zote zikae ndani ya kiwango, akachapa karatasi nzuri, na gari likapoteza vipimo hivyo kabla halijafika mbali. Kwa maoni yangu hapa ndipo wenye magari hupoteza fedha nyingi bila sababu, na ni haki yao kusisitiza kwamba gari linyanyuliwe na viungo vikaguliwe kabla ya kulipia alaimenti.

Kazi iliyofanywa kwa utaratibu huanza na upepo kuwekwa kwenye kiwango cha gari na matairi kutazamwa kama yanalingana kwa saizi na kwa ulikaji. Kisha gari hunyanyuliwa, na kila gurudumu hutikiswa likiwa limeshikwa juu na chini, halafu kulia na kushoto, ili kuona mchezo wa boljointi, tairodi na beringi. Bushi huchunguzwa kwa kutumia mtaimbo, na springi na shokapu hutazamwa kama zimevunjika au zinavuja. Kilichochakaa hubadilishwa. Baada ya hapo ndipo gari huingia kwenye mashine, magurudumu ya mbele yakiwa juu ya sahani zinazozunguka ili yasikamatwe na sakafu, na vipimo hulinganishwa na vya mtengenezaji wa gari hilo hasa, la mwaka huo.

Marekebisho yenyewe yana mpangilio. Nyuma hutangulia, kwa kuwa mwelekeo wa nyuma ndio unaoamua gari litakwendaje, halafu mbele. Kwenye kila ekseli, kemba na kasta hutangulia pale zinaporekebishika, na tou huja mwisho, kwa sababu kuigusa kemba huibadilisha tou. Usukani hufungwa katikati kabla tou ya mbele haijaguswa. Magari mengi madogo hutoka kiwandani bila nafasi ya kurekebisha kemba na kasta, na kwenye magari hayo namba iliyopotoka sana humaanisha kuna kitu kilichopinda au kulegea. Kusogeza tou peke yake ili kuficha kemba mbovu hakuponyi gari.

Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Rangi ya kijani kwenye karatasi hiyo huonyesha kwamba namba imeingia ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, lakini kiwango kina mapana yake, na kemba au kasta ya kulia inaweza kuwa kwenye mpaka mmoja huku ya kushoto ikiwa kwenye mpaka wa pili, zote zikiwa kijani na gari likiendelea kuvuta. Tazama tofauti ya pande mbili. Gari lenye vifaa vya kisasa vya kulisaidia kubaki kwenye mstari, au vya kulidhibiti lisiteleze, huweza pia kuhitaji kihisio cha pembe ya usukani kiwekwe upya baada ya kazi.

Kuzungusha matairi na kuyatazama

Matairi ya mbele na ya nyuma hayaliki kwa kasi moja hata pale kila pembe ni sahihi. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, matairi ya mbele huvuta, hugeuka, hubeba uzito wa injini na hufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, hivyo hutangulia kuchakaa. Kuyazungusha kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, husawazisha tofauti hiyo ya kawaida. Yenye mshale wa mwelekeo huhamishwa mbele na nyuma upande uleule, na gari lenye saizi tofauti mbele na nyuma haliruhusu kubadilishana huko.

Kuzungusha hakutibu kosa la pembe. Tairi lililoanza kulika ukingo wa ndani likipelekwa nyuma, nafasi yake inachukuliwa na jingine ambalo nalo litaanza kuliwa, na baada ya muda manne yote yatakuwa na ugonjwa mmoja. Vivyo hivyo kununua matairi mapya bila kutafuta sababu ni kulipa tena ili kupata matokeo yaleyale.

Hatari kubwa iko kwenye ukingo wa ndani, kwa kuwa hauonekani mtu anapopita kando ya gari. Kwa matairi ya mbele, geuza usukani hadi mwisho upande mmoja, zima gari, shuka utazame, kisha rudia upande wa pili. Kwa ya nyuma hapana budi kuinama na kumulika kwa tochi kutoka nyuma ya gari. Fanya hivyo kila unapopima upepo, na bila kuchelewa baada ya kugonga shimo kubwa au ukingo wa barabara, baada ya kubadilisha sehemu yoyote ya usukani au sasipenshoni, na pale usukani unapobadilisha mkao wake. Tairi lililoonyesha waya haliendelei na safari. Halina namna ya kutengenezwa.

Alaimenti ikishafanywa, tairi lililokwisha kulika halirudi kuwa zima, na mngurumo wake unaweza kuendelea mpaka libadilishwe, hivyo kelele kubaki haimaanishi kwamba kazi imefanywa vibaya. Kipimo cha kweli ni kina cha mifereji. Pima sehemu tatu za kila tairi, ndani, kati na nje, uandike namba hizo pamoja na kilomita za gari siku ya alaimenti, kisha upime tena baada ya kilomita 2,000 au 3,000. Ikiwa sehemu zote tatu zimepungua kwa kiasi kinachokaribiana, pembe zimekaa sawa. Ukingo mmoja ukiwa bado unapungua kwa kasi kuliko mwingine, rudi kwa fundi ukiwa na namba hizo mkononi, na ukaguzi uanzie kwenye viungo vya gurudumu hilo.